Ibomoeni Tovuti Niliyoijenga

Wanafunzi wenzangu mliolifungua jarida hili mkitafuta vichekesho, subirini kidogo. Vichekesho mtavipata kurasa zinazofuata. Mimi nina jambo linalonikereketa maini, na wahenga walisema lililo moyoni ulimi huiba. Leo acha uibe.

Mwamba ngozi huvutia kwake. Hiyo ndiyo desturi ya binadamu. Lakini mimi leo nitaivutia ngozi upande wa pili, na huenda nikachekwa. Mimi ndiye niliyeiandika tovuti ya timu zetu za voliboli. Niliiandika nikiwa Kidato cha Pili, alama kwa alama, katika maabara ya tarakilishi, siku za Jumamosi wenzangu wakifua sare zao. Sikulipwa hata peremende. Sasa niko Kidato cha Nne, KCSE inanikodolea macho, na nasema hadharani bila kutafuna maneno: tovuti hiyo ibomolewe, na mahali pake iwekwe nyingine ambayo si yangu.

Wenzangu wa Chama cha Tarakilishi watasema nimewasaliti. Muhula huu mzima tumekuwa tukivutana. Upande mmoja unasema timu iendelee na tovuti ya kuandikwa kwa mkono, na kwamba nikiondoka atapatikana mwingine wa kuiandika upya, nzuri hata kuliko yangu. Upande wa pili, wengi wao wakiwa wachezaji wenyewe, unataka tuchukue mfumo uliokwisha kutengenezwa, kama vile WordPress au Joomla. Mdahalo uliofanyika Ijumaa moja jioni katika bwalo ulikaribia kugeuka kuwa mechi. Mwalimu wa michezo akatuambia kila mtu aende akaandike maoni yake kwa utulivu. Haya ndiyo yangu.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini, maana niligundua mle bwaloni kwamba wengi walikuwa wakipiga makofi bila kujua wanashangilia nini.

Tovuti ya kuandikwa kwa mkono ni hivi. Kila ukurasa ni faili. Ndani ya faili kuna maneno yako, na katikati ya maneno hayo kuna alama za lugha ya HTML zinazoiambia tarakilishi: hiki ni kichwa, hii ni picha, hili ni jedwali. Ukitaka kubadilisha "saa nne" iwe "saa tano", unaifungua faili, unautafuta mstari wenyewe, unabadilisha neno moja bila kugusa alama yoyote ya jirani, unahifadhi, kisha unaipeleka faili kwenye seva. Ni kazi ya dakika tano kwa anayejua. Kwa asiyejua, ni kama kuambiwa amtoe ng'ombe mwiba jichoni.

Mfumo wa kusimamia maudhui ni kitu kingine. Ni programu inayowekwa kwenye seva mara moja. Maneno hukaa katika hifadhidata. Sura ya tovuti, yaani rangi, mistari na mpangilio, hukaa mbali nayo, katika kile kinachoitwa kiolezo. Kila mhusika ana jina lake na nywila yake. Akiingia anaona fomu: hapa andika kichwa, hapa andika habari, hapa weka picha, kisha bonyeza. Basi. Anayeweza kuandika insha anaweza kuandika matokeo ya mechi.

Zamani hapakuwa na uchaguzi huu. Tim Berners-Lee alipoanzisha tovuti ya kwanza duniani mwaka wa 1991, akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN kule Uswisi, kurasa ziliandikwa kwa mkono. Mifumo hii ilikuja baadaye: Drupal mwaka wa 2001, WordPress mwaka wa 2003 na Joomla mwaka wa 2005. Yote mitatu hutolewa bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma na kuubadilisha.

Na hapa wanachama wa Chama cha Kiswahili tegeni masikio. Hilo jina Joomla ni letu! Ni neno "jumla", lililoandikwa kwa namna ambayo msomaji wa Kiingereza akiliona atalitamka sawasawa. Waliouanzisha mfumo huo walikuwa wamejitenga kwa pamoja kutoka mfumo mwingine ulioitwa Mambo, wakatafuta neno lenye maana ya wote kwa pamoja, wakalipata kwetu. Neno tunalolisoma kila siku kwenye mabango ya maduka ya jumla pale Embu mjini limevaa koti likazunguka dunia, na sisi wenyewe hatuna habari. Ama kweli, nabii hana heshima kwao.

Sasa niwape haki yao wanaotaka kuandika kwa mkono. Nilikuwa pamoja nao kwa miaka miwili, na hoja zao nyingi nilizitunga mimi.

Wanasema kuandika kunafundisha. Ni kweli tupu. Yale niliyoyajua kuhusu tarakilishi kabla ya kuandika tovuti ile yangeweza kuandikwa nyuma ya tikiti ya matatu. Nilijifunza kusoma kosa, kutafuta chanzo chake, na kutolaumu mashine kabla ya kujilaumu mwenyewe.

Wanasema tovuti ya mkono ni nyepesi. Hilo nalo ni kweli. Ukurasa wangu una maneno na picha mbili tu. Unafunguka hata kwenye simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka, na haumalizi bando la mtu.

Wanasema ni salama. Kurasa zangu hazina hifadhidata, kwa hiyo hakuna ghala la kuvunja humo. WordPress kwa upande wake inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, na wezi wa mtandaoni wanalijua hilo. Wakigundua ufa mmoja, wanazunguka wakibisha kila nyumba yenye mlango wa aina hiyo. Mara nyingi ufa huo hauwi katika mfumo wenyewe bali katika viongezo, yaani vile vijiprogramu vya ziada ambavyo watu huvipachika ovyo ovyo kisha wakavisahau.

Tena wanasema, na hapa ndipo bwalo lilipolipuka kwa makofi, kwamba Wakenya wamekwisha kuonyesha dunia kuwa wanaweza kuandika cha kwao. Msemaji wao alitaja Ushahidi. Vurugu zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao hawakungoja mfumo wa mtu. Kwa siku chache tu, Januari 2008, ilitengenezwa tovuti ambayo mwananchi aliweza kuitumia kutoa habari ya ghasia alizoziona, nayo habari ikaonekana kwenye ramani. "Kama wao waliweza," akanguruma msemaji, "sisi tunashindwaje na orodha ya mechi?" Hata mimi nilipiga makofi.

Hoja hizo zote nazikubali. Lakini jamani, kuna jambo lililonipata ambalo hoja hizo hazilijibu. Nitalisimulia ingawa linaniaibisha.

Ilikuwa muhula wa pili, muhula wa voliboli, na mimi nilikuwa nimetumwa nyumbani kuleta karo. Kwetu ni karibu na Nkubu, upande wa Meru. Nilidhani ningekaa siku mbili. Nilikaa siku tisa, kwa sababu pesa hazioti kwenye mti wa mparachichi. Nywila ya tovuti ilikuwa kichwani mwangu. Sikuwa nimemwandikia mtu yeyote. Kwa nini nimwandikie? Ilikuwa tovuti yangu.

Katika siku hizo tisa, mechi ya wasichana wetu ilihamishwa. Ukurasa wangu ulikuwa ukisema Jumamosi, saa nne, Embu mjini. Mvua ilikuwa imeharibu kiwanja, mechi ikapelekwa Runyenjes. Mwalimu alitaka tangazo libadilishwe. Alipiga simu kwetu. Mama yangu ana simu ya mulika mwizi, na mimi nilikuwa shambani. Nilipopata habari, jioni, nilimsomea mwalimu nywila herufi kwa herufi huku salio likituishia. Kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza akajitolea kuibadilisha ile faili. Alibadilisha neno, lakini mkono ukateleza akafuta alama moja ndogo ya kufunga. Jedwali lote likavurugika: tarehe zikaingia kwenye majina, majina yakaingia kwenye alama za mechi. Yule mtoto akaingiwa na woga. Akairudisha faili ya zamani kama ilivyokuwa, akanyamaza.

Jumamosi ile mama wa mmoja wa wachezaji wetu aliondoka kwao, si mbali na Nkubu, kabla ya jua kuchomoza. Aliacha chai bila kuchunwa. Ijumaa usiku alikuwa amemwomba mtoto wa jirani amfungulie ukurasa wa timu kwenye simu, akasomewa: Embu mjini, saa nne. Akapanda matatu. Wanaoijua barabara ya Meru kwenda Embu wanajua kwamba baada ya Chuka unapitia Runyenjes ndipo ufike Embu. Kwa hiyo mama huyo aliipita mechi ya binti yake, akaiacha nyuma, akaenda kuketi kwenye kiwanja kitupu chenye matope. Alikaa hapo hadi saa sita. Wasichana walishinda seti tatu kwa moja. Mama hakuona hata mpira mmoja.

Siku ya wazazi alinitafuta. Nilijua anakuja kunigombeza, nikajiandaa kujitetea. Akaniuliza kwa upole, "Wewe ndiye yule kijana wa kompyuta?"

"Ndiyo, mama."

"Siku ile nilifikiri mimi ndiye sikuelewa niliyosomewa," akasema. "Nilijilaumu sana."

Sikuwa na la kumjibu. Mtu mzima alijilaumu kwa kosa ambalo lilikuwa langu, kwa sababu aliamini kwamba kitu kilichoandikwa vizuri namna ile hakiwezi kuwa na makosa. Tangu siku hiyo sijaipenda tena tovuti yangu.

Ndugu msomaji, swali letu halikuwa kamwe lile tulilokuwa tukipigania bwaloni. Tulikuwa tukiulizana ni kazi gani iliyo bora. Tungeuliza hivi: fundi akiwa hayupo, nani atageuza neno moja? Timu ya shule si kampuni. Kampuni humlipa mtu akae. Shule kazi yake ni kuhakikisha watu wanaondoka! Sisi wa 8-4-4 tunakaa miaka minne, na wadogo zetu wa mtaala mpya watakaa miaka mitatu tu katika sekondari ya juu. Anayejifunza kuandika tovuti mwaka wa kwanza, akaiandika mwaka wa pili, mwaka wa tatu yuko kwenye vitabu vya mtihani. Tovuti inabaki yatima kabla hata mzazi wake hajafa.

Kijijini kwetu tuna mradi wa maji. Mabomba yanashuka kutoka juu mlimani hadi kwenye mashamba. Fundi aliyeyalaza alikuwa hodari, hakuna anayebisha, lakini vali alizifukia chini ya udongo na ramani ilikuwa kichwani mwake. Alipohama, bomba moja likapasuka wakati wa kiangazi. Wanaume wakachimba mashimo siku nne wakitafuta vali ya kufunga maji. Mabomba yalikuwa mazuri. Ujuzi wa kuyatunza ndio uliokuwa umehama na mtu mmoja. Hiyo ndiyo tovuti yangu.

Wanaosema atapatikana mwandishi mwingine nawaambia ukweli mwingine. Kabla yangu palikuwa na kaka mmoja aliyekuwa ameandika tovuti ya timu. Alipomaliza shule nilikabidhiwa faili zake. Niliyaangalia maandishi yake, nisielewe alichokusudia, nikafuta kila kitu nikaanza upya. Matokeo ya mechi za miaka mitatu yalikwenda na maji. Leo mchezaji wa zamani akirudi hapa na kutaka kuonyesha kwamba aliwahi kuichezea shule hii hadi ngazi ya kanda ya Mashariki, hatuna hata mstari mmoja. Nami nikiondoka, atakayekuja atanifanyia vivyo hivyo. Atasema "mambo gani haya?" kisha atafuta. Mkuki kwa nguruwe.

Na Ushahidi je? Ndiyo, wale waliandika msimbo wao. Lakini tuimalize hadithi. Waliandika kwa sababu walihitaji kitu cha kazi ile, tena kwa haraka, na hawakuwa nacho. Je, baadaye walifanya nini? Waligeuza kazi yao ikawa jukwaa ambalo wengine wanaweza kulitumia bila kuandika upya, wakaitoa bure na msimbo wazi. Haiti ilipopigwa na tetemeko la ardhi Januari 2010, ramani ya maafa kule iliendeshwa kwa jukwaa lililozaliwa Kenya. Waliofinyanga chungu walitaka wengi wakipikie. Sasa sisi shida yetu ni ipi? Tunataka kuandika tarehe, kiwanja, majina ya wachezaji na matokeo. Chungu cha kupikia hayo kimekwisha kufinyangwa zamani. Kufinyanga kingine ili tu tuitwe wafinyanzi ni majivuno, na nayajua majivuno hayo kwa sababu niliishi nayo.

Fauka ya hayo, mfumo unatupa mambo matatu ambayo kurasa zangu haziwezi.

La kwanza ni ngazi za madaraka. Katika WordPress kuna msimamizi, kuna mhariri, kuna mwandishi, na kuna mchangiaji. Mchangiaji huandika habari lakini hawezi kuichapisha. Habari hungoja mhariri aipitie. Hebu fikiria: nahodha wa timu anaandika matokeo, mwalimu anasoma, anabonyeza. Wale waliotutisha bwaloni kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama wamejibiwa. Wengi watapiga makasia, usukani utabaki kwa mmoja.

La pili ni kumbukumbu. Mfumo huhifadhi nakala za habari jinsi ilivyokuwa kabla ya kila badiliko. Yule mtoto wa Kidato cha Kwanza angekosea, angerudi nyuma hatua moja, akajaribu tena. Tena asingezigusa alama za jedwali hata kidogo. Hangeogopa, na mama yule angeiona mechi.

La tatu ni sheria. Tusicheze na picha za watoto wa watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto. Mwaka wa 2023 shule moja humu nchini ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hizo ni pesa za kujenga madarasa! Kwangu mimi, picha zilipandishwa na mimi peke yangu, na sikumbuki kumwuliza mzazi yeyote. Mkiwa na mwalimu anayepitia kila picha kabla haijatoka, na anayeweza kuiondoa siku hiyo hiyo mzazi akilalamika, mtalala usingizi.

Msidhani lakini kwamba nauza mfumo huu kama muuza dawa wa stendi, ati unatibu kila ugonjwa. Mfumo usiotunzwa ni mbaya kuliko kurasa zangu. Kwa hiyo natoa masharti, na nawaomba walimu wayaandike mahali.

Kwanza, jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la shule. Humu Kenya shule zina mwisho wake maalum, yaani .sc.ke. Tusisajili kwa jina la mwanafunzi wala la mwalimu mmoja, maana wote hupita.

Pili, nywila kuu ijulikane na watu wawili wazima, na iandikwe kwenye karatasi ndani ya bahasha iliyofungwa katika ofisi ya mwalimu mkuu. Mnacheka? Bahasha hiyo ingeokoa siku tisa zangu.

Tatu, mfumo na viongezo vyake visasishwe mara kwa mara. Iwe zamu, kama zamu ya kufagia darasa. Viongezo viwe vichache iwezekanavyo. Kisichotumika kifutwe.

Nne, mwisho wa kila muhula nakala ya tovuti nzima ihifadhiwe nje ya seva, na matokeo yote yapigwe chapa kwenye karatasi yawekwe maktabani. Karatasi haihitaji nywila.

Tano, na hili nawaambia wenzangu wa Chama cha Tarakilishi ambao wamenuna: kazi yenu haijaisha, imehama tu. Kiolezo cha timu kiandikeni ninyi wenyewe. Msiazime sura ya mtu. Wekeni rangi za shule, wekeni mlima wetu juu ya ukurasa, na mkifanye chepesi ili kifunguke kwenye simu ya mzazi wa Maua na wa Siakago vilevile. HTML ni ile ile, CSS ni ile ile, mtajifunza yote niliyojifunza. Tofauti ni kwamba mkikosea, rangi ndiyo itakayoharibika. Tarehe ya mechi itabaki salama. Na kila mwanachama mpya aandike angalau ukurasa mmoja kwa mkono kabla ya kuruhusiwa kugusa mfumo, ili ajue mashine inafanya nini chini ya kofia yake.

Sita ni la Chama chetu cha Kiswahili. Tulipoujaribu mfumo ule maabarani, vitufe vingi vilikuwa vikituongelesha Kiingereza. Watu wa kanuni na ngeli mko wapi? Mifumo hii hutafsiriwa na watu wa kujitolea duniani kote. Tukae na kamusi, tutafute maneno ambayo mzazi atayaelewa bila kukwaruzwa, tuyaweke kwenye kiolezo chetu. Haiwezekani neno letu liwe jina la mfumo mzima halafu sisi wenyewe tushindwe kuandika "soma zaidi" kwenye kitufe.

Je, kuna wakati wa kuandika kwa mkono kuanzia mwanzo hadi mwisho? Upo. Ukiwa na kazi ambayo mfumo wowote uliopo hauiwezi, andika. Ukiwa na watu watakaobaki kuitunza, andika. Ukitaka kujifunza na kosa lako halitamuumiza mtu mwingine ila wewe, andika usiku na mchana. Lakini tangazo la mechi lina mtu anayelisubiri huko mbali, mtu aliyepanga nauli. Hilo si daftari la mazoezi.

Najua nitaumia siku kurasa zangu zitakapofutwa. Kuna mstari fulani wa rangi ya kijani chini ya jina la timu ambao ulinichukua Jumamosi mbili kuunyoosha. Hakuna anayeuona ila mimi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi nilitaka kuvunja chawa wa timu nzima kwa kidole changu, watu wanisifu. Walinisifu, na mama wa watu akaketi kwenye matope.

Mwalimu wa michezo, ukisoma hapa, nywila nimeiandika. Iko kwenye bahasha, na bahasha iko mezani kwako. Yule kijana aliyefuta ile alama, ambaye sasa amepanda darasa, nimemwomba awe wa kwanza kufundishwa mfumo mpya. Alikataa mara mbili akisema yeye huharibu vitu. Mara ya tatu alikubali.

Kalamu naitua hapa. Mwenye hoja kinzani asinifuate bwenini usiku. Naye achukue karatasi aandike. Wasalaam.